Wosia wa Sanamu ya Maranda

Hapa Cuenca mwaka hauagwi kwa mkono.
Hushonwa, hujazwa maranda,
huketishwa kitini nje ya mlango,
na saa sita ya usiku hutiwa kiberiti.

Majirani wamemtengeneza mkaguzi wa maji,
kitambi hiki, na bili mpaka masikioni.
Mimi nimejitengeneza mimi.

Suruali ni yangu, ya kazini, dobini hospitali.
Sweta ni langu, la buluu, kiwiko kimetoboka.
Maranda kanipa fundi Abdón, gunia zima bure.
"Ni nani huyo, Targelia?"
Mtu ninayemdai, nikamwambia.

Na nilimdai kweli.
Orodha niliianza mwezi wa tano,
nikiongeza kila usingizi uliponipita mlangoni:
duka la viatu la baba, miaka arobaini na mmoja,
nikalifunga kwa kufuli la dola tatu;
neno nililomtupia Wilmer, mwanangu,
ambalo halirudi kinywani hata ulivute kwa koleo;
simu ya dada kutoka New York
niliyoitazama ikilia hadi ikachoka;
na mama, alfajiri ile, mimi nimelala kitini.

Desturi inataka sanamu isomewe wosia,
wenye vina, watu wacheke kabla ya moto.
Nikaketi na kalamu, nikajiandikia:

    Mimi mzembe wa mwaka, naondoka kwa aibu,
    Duka limeniponyoka, la baba, pasi sababu,
    Simu ikahangaika, nikaketi nisijibu,
    Mama naye akatoka,

hapo ubeti ukanigomea.
Kina kilitaka *bu*. Neno la kwanza kuja lilikuwa adhabu.
Nikaliandika. Nikalifuta.
Nikaenda kuipaka sanamu uso
na rangi za maji zilizobaki za shule.

Uso haukutaka kuwa mbaya.
Kila nilipokunja midomo, ikatoka midomo ya mtu aliyechoka tu.
Nikaivuta mikono ikae vizuri,
na kidole changu kikaingia kwenye tundu la kiwiko.

Tundu hili nalijua lilikotoka.
Ni chuma cha kitanda, wodi ya tatu, upande wa dirisha.
Wiki kumi na moja nimeegemea pale pale
nikimlisha uji kijiko kwa kijiko,
kisha basi la saa kumi na moja, kisha mashuka ya watu.
Mzembe hatoboi sweta namna hii.

Lau Rosalba wa kazini angenisimulia mwaka kama huu,
nisingemsomea orodha.
Ningeweka maji jikoni,
ningemkatia mkate upande ule usioungua,
ningesema, kaa kwanza.
Sasa mbona kwangu mimi nilikuwa nagawa kokoto?

Nikarudi kwenye karatasi. Nikaandika:

    Mama naye akatoka, nikiwa naye karibu.

Nikahesabu mizani kwa vidole, mara mbili.
Ilitimia.

Usiku vijana waliovaa ujane walifunga barabara kwa kamba,
sketi, nywele za bandia, vilio vya kuomba senti.
Mmoja mrefu, rangi ya mdomo imefika puani,
akajitupa magotini pa sanamu yangu akilia,
"Umeniachia nani, mpenzi!"
kisha akanyamaza.
"Mama. Hili si sweta lako?"

Lile neno hatujaligusa, mimi na Wilmer.
Tutaligusa. Usiku ule alishika mabega ya sanamu
nami nikafungua vifungo, kimoja baada ya kingine,
maana baridi ya huku haina utani
na sikuona sababu ya mtu kuchomwa na sweta lake.

Orodha niliiacha kwenye mfuko wa suruali.
Iliwaka kama karatasi yoyote.
Wosia nao niliusoma, na hakuna aliyecheka;
fundi Abdón alivua kofia, akaivaa tena.
Nikaruka moto, si juu sana, goti halikubali.

Leo ni tarehe nne.
Maranda bado yananiwasha shingoni.
Sijalifua.